Jumamosi ya mtu "aliye nyumbani tu"

Kila ninapojaza fomu, penye nafasi ya kazi huandika "mama wa nyumbani", na karani akifika hapo hupitisha macho tu. Simlaumu. Kazi hii haina mshahara, haina sare wala kitambulisho, na ikifanyika vizuri haionekani kabisa. Hakuna mtu aliyewahi kusifu sukari kwa kutoisha. Basi nimeamua kuandika Jumamosi moja kama ilivyokwenda, maana ndiyo siku ambayo ndugu na majirani wanaamini nimepumzika.

Saa 11 alfajiri

Huamka kabla ya wengine kwa makusudi, kwa kuwa ni wakati pekee ambao hakuna anayeniita. Naoga, na ngozi ikiwa bado na unyevunyevu najipaka mafuta. Yakipakwa hivyo hufungia maji ndani ya ngozi, na kiasi kidogo kinatosha mwili mzima. Kisha chai, nimeketi, miguu juu ya stuli. Watu wakisikia habari za kujitunza hufikiria saluni na vipande vya matango machoni. Kwangu mimi ni kunywa chai ikiwa bado ya moto.

Saa 12

Ukaguzi wa stoo na friji. Pesa huokolewa hapa kabla hujaliona duka. Ndani ya friji, mbele kabisa, kuna kikapu nilichokiandika "Tule kwanza". Kila kilichobaki au kinachokaribia tarehe kinaingia humo, na hicho ndicho kinachoamua tule nini. Friji naiweka isizidi nyuzi 4, na chakula kilichopikwa hakikai mezani zaidi ya saa 2 kabla ya kuingia humo. Kutupa chakula kunaniuma, lakini kuuguza mtoto kunauma na kugharimu zaidi.

Tarehe nazo nazisoma kwa akili. "Tumia kabla ya" kwenye nyama ni amri, sibishani nayo. "Bora kabla ya" kwenye tambi au biskuti ni habari za ladha na ubora tu. Ikipita, nanusa, naonja, naendelea na maisha. Vitunguu nimevitenga na viazi. Maharage mekundu yamelala kwenye maji usiku kucha. Namwaga maji yale, naweka mapya, nayachemsha kwa moto mkali angalau dakika 10 ndipo nipunguze. Maharage hayo yana sumu ya asili ambayo moto wa polepole peke yake hauiwezi, na ndiyo maana ukiyaingiza mabichi kwenye chungu cha umeme cha kupikia taratibu unaweza kuiumiza familia nzima. Napika sufuria kubwa, nagawa kwa kipimo cha mlo mmoja mmoja, nagandisha.

Ukaguzi ukiisha ndipo naandika orodha. Milo ya wiki kwanza, natoa vilivyopo, kinachobaki ndicho cha kununua.

Saa 1 hadi saa 3

Chai ya watoto, vyombo, vitanda, nguo mashineni (sabuni nusu ya ile ambayo kila mtu humu ndani angemwaga, maana ikizidi hubaki kwenye nguo na kuzikakamaza), kisha choo. Nyie mnaoanza maisha, dawa ya klorini kamwe msiichanganye na siki wala na dawa nyingine ya kusafishia. Gesi inayotoka hapo si ya mchezo, inaunguza mapafu.

Nikiwa na brashi mkononi, simu ikaita. Wifi.

"Wifi yangu, leo si upo tu nyumbani? Nikuletee watoto mara moja nikasuke?"

"Leo nipo kazini mpaka saa 4 usiku, wifi."

Akacheka sana. Nami nikacheka, ila sikuwa natania.

Saa 3 na nusu

Dukani. Nimekula kwanza, kwa sababu mwenye njaa hununua kwa tumbo. Nimechukua kikapu cha mkononi badala ya toroli. Toroli la dukani lilibuniwa mwaka 1937 na Sylvan Goldman, mwenye maduka huko Oklahoma, Marekani, alipoona kuwa wateja huacha kununua kikapu kikianza kuwalemea. Alitaka tusilemewe, na alitajirika. Mimi nataka kulemewa. Mkono ukianza kuuma, najua na bajeti inauma.

Bidhaa za bei ya juu mara nyingi hupangwa usawa wa macho, kwa hiyo mimi huinama. Zinazokaribia tarehe huwekwa mbele, kwa hiyo mkono wangu huenda nyuma, isipokuwa kitu nikipike leo hii. Na pakiti kubwa sishtushwi nayo. Natoa simu, nagawanya bei kwa uzito, naamua. Siku hiyo sabuni ya unga ya pakiti kubwa, iliyoandikwa kwa herufi nene kuwa ni ya familia, ilikuwa ghali zaidi kwa kilo kuliko pakiti mbili za kati zilizokuwa na punguzo. Nikachukua mbili za kati, na kibandiko cha bei pale rafuni nikakipiga picha. Huwa nafanya hivyo kwa kila punguzo, na sasa mtaona kwa nini.

Foleni ilikuwa ndefu lakini inasogea. Nilikuwa na kitinda mimba wangu, ambaye tulipofika katikati alitangaza kwa sauti ya kusikika na wote kuwa anataka kwenda haja ndogo. Vumilia kidogo, mwanangu, tumekaribia. Zamu yetu ikafika. Keshia anapitisha vitu, tii, tii, tii, na mimi macho kwenye kioo cha mashine, naye mtoto macho kwenye pipi, ambazo wenye duka wamezipanga kwa urefu wake yeye. Sabuni ikapita. Bei ya zamani. Ya pili ikapita. Bei ya zamani.

"Dada, samahani, sabuni hii ina punguzo."

"Mashine ndiyo inavyosoma, mama."

"Kule rafuni pameandikwa bei nyingine."

"Mimi nafuata mashine."

Nikamwonyesha picha. Akaitazama, akanitazama, akabonyeza kengele kumwita msimamizi. Kwa wasiojua taratibu hizi, kitu kilichokwisha kupita kwenye mashine keshia hana ruhusa ya kukifuta. Funguo anayo msimamizi, na msimamizi huwa "anakuja". Wakati anakuja, mashine imefungwa, foleni imesimama, na anayeonekana mbaya ni mteja. Nyuma yangu kulikuwa na baba mmoja mwenye chupa moja ya maji. Alianza kwa kuguna. Kisha akahamisha uzito mguu wa kulia, mguu wa kushoto. Mwisho akasema kwa ule upole wa mtu aliyekwisha kukasirika:

"Mama, tofauti yenyewe si ndogo tu? Lipa twende."

Tofauti ile ndogo, kwa pakiti mbili, ilikuwa nauli ya watoto kwenda bustanini jioni ile. Sikumweleza hayo. Nilimwambia, "Samahani, baba yangu, iliyofungwa ni mashine, si mimi." Kitinda mimba akaanza kukunja miguu. Nikamshika mkono. Nikahisi macho ya foleni nzima kwenye kisogo changu, na nakiri hapo ndipo wengi huwa tunalipa tukaondoka. Duka halihitaji kukudanganya, linahitaji tu uone aibu.

Msimamizi akaja, kijana mdogo, funguo shingoni.

"Ofa hiyo iliisha jana, mama."

"Picha nimeipiga leo. Saa hii hapa, itazame."

"Labda ni ya saizi nyingine."

Nikaikuza picha. Uzito umeandikwa, ni ule ule.

"Basi itakuwa ni ya wenye kadi ya uanachama."

Nikaikuza zaidi mpaka ikaanza kufifia. Hakuna neno kadi popote. Akaenda kujionea mwenyewe, kwa mwendo wa mtu asiye na watoto wanaotaka choo. Alirudi na kibandiko mkononi, amekwisha kukibandua.

"Hiki kilipaswa kutolewa jana."

"Sawa, mwanangu. Lakini mimi nimekikuta leo."

Akafikiri kidogo, akazungusha funguo. Nikashusha pumzi. Ndipo keshia akagundua kuwa mashine imefuta hesabu nzima, si sabuni peke yake, na kila kitu lazima kipite upya. Tii. Tii. Tii. Baba wa chupa ya maji akahamia foleni nyingine, na kwa ninavyoona bahati yake siku ile, sidhani kama alinitangulia kutoka. Mama mmoja akaninong'oneza, "Dada, sabuni hiyo iko rafu gani?" Nikamwelekeza, ila ushahidi ulikuwa tayari mfukoni mwa msimamizi.

Choo cha wateja kiko mwisho kabisa wa jengo. Tuliwahi, kwa mbio.

Saa 6 mchana, au karibu na hapo

Kupanga vitu, kupika, kula, vyombo tena. Baba watoto aliporudi akauliza, "Mbona leo umechelewa dukani?" Nikamkabidhi kisu na vitunguu.

Alasiri

Watoto waliahidiwa matembezi, na ahadi kwa watoto ni deni lenye mashahidi. Jua huwa kali zaidi kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, kwa hiyo tulitoka saa 9 na nusu ili tufike linapoanza kulegea, kofia vichwani. Bustani ya umma, kiingilio bure. Wanaosema matembezi ya familia ni ghali huwa wanahesabu vyakula vinavyouzwa getini. Sisi tulibeba chakula cha nyumbani, maji ya kutosha, kitambaa chenye unyevu ndani ya mfuko, na nguo moja ya akiba ya kitinda mimba kwa sababu namjua.

Mlangoni, kabla hatujatoka, nilifanya mambo mawili ambayo sitoki bila kuyafanya. Nilimpiga kila mtoto picha akiwa na nguo alizovaa siku hiyo, na nikamwandikia mdogo namba yangu ya simu kwa kalamu ndani ya kiganja cha mkono, juu kidogo ya kifundo. Mtoto akipotea kwenye umati, mama mwenye hofu huweza kusahau rangi ya shati alilomvalisha mwenyewe. Picha haisahau. Kisha nikatangaza sheria: kila mmoja atachagua kitu kimoja cha kulipia, na uamuzi ni wake. Sheria hiyo ikitangazwa nyumbani inaitwa mpango. Ukingoja kuitangaza mbele ya muuza aiskrimu, inakuwa ukatili.

Mkubwa wangu alisimama kati ya mashua na aiskrimu, akafikiri kwa umakini ambao mwalimu wake wa hesabu hajawahi kuuona. Akachagua mashua. Kisha akala nusu ya aiskrimu ya mdogo wake. Sikuingilia.

Baada ya hapo sikuangalia saa tena. Baba watoto alikuwa anacheza nao mpira, mimi nikatandika mkeka nikajilaza mchana kweupe mbele za watu. Nikawakumbuka wanawake wa Iceland. Tarehe 24 Oktoba 1975 waliacha kazi zote kwa siku moja, za ofisini na za nyumbani, na takriban asilimia 90 yao walishiriki. Shule zikafungwa, shughuli nyingi zikakwama, akina baba wakaenda kazini na watoto mkononi. Nchi nzima ilijua siku hiyo nani anafanya nini. Mgomo wangu ulidumu mpaka mpira uliponiangukia tumboni.

Kurudi ndiko kulikotumaliza. Basi limejaa, mdogo amelala begani na mtoto aliyelala ana uzito wa ajabu, mkubwa ana kokoto kwenye kiatu, wa kati anataka kujua kwa nini mashua haizami. Tukafika. Miguu ioshwe, chakula kipashwe mpaka kitoe mvuke, meno, sare ya nani imepotea, hadithi moja, hapana si mbili, moja.

Walipolala nilifungua daftari la matumizi, nikabandika risiti. Kwenye safu ya sabuni niliandika kiasi nilichonusuru, na chini yake nauli. Hesabu ikafunga. Sitaficha, niliisoma tena kwa raha. Halafu beseni la maji ya vuguvugu, visigino dakika 10, jiwe la kusugulia taratibu, mafuta mazito, soksi. Visigino vilivyopasuka havihitaji krimu ya bei mbaya, vinahitaji kufanyiwa hivi kila usiku bila kukata tamaa.

Ilikuwa imekaribia saa 4 na nusu. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 angalau, na Jumapili nitazipata, kwa kuwa asubuhi ya Jumapili ni zamu ya baba watoto. Nimembandikia mlangoni mwa friji orodha ya vilivyomo kwenye kikapu cha "Tule kwanza". Ameisoma mara mbili, kisha akauliza kama yale mayai yaliyochemshwa jana nayo yanahesabiwa.

Yanahesabiwa.