Nimerudi, nikamtafuta mtu mwenye bahasha

Nilipoondoka Dar mwaka 2011, safari za nje zilipitia Jengo la Pili. Juzi nimeshukia Jengo la Tatu, lililofunguliwa 2019, na kabla ya kwenda kuchukua begi nikasimama dirishani kuangalia ndege zilizoegeshwa. Nilikuwa namtafuta mtu mwenye bahasha.

Mtu huyo zamani nilikuwa mimi. Dispacha, yaani mpangaji wa safari ya ndege anayekaa ardhini, enzi zile alikuwa mtu wa miguu. Unachukua taarifa za hali ya hewa, unapiga hesabu za mafuta na uzito, unatia karatasi kwenye bahasha, unakatiza juani mpaka kwenye ngazi, unamkabidhi kapteni. Anasoma, anauliza, unajibu mkitazamana. Kama umebahatisha hesabu, atakugundua usoni.

Marekani nilifanya kazi hiyo hiyo nikiwa mbele ya vioo vinne vya kompyuta, na rubani niliyempangia safari sikumwona. Njia na mafuta hupendekezwa na programu, yeye husoma kwenye tableti. Lakini huko ndiko nilikoujua uzito wa kazi hii. Kwa mashirika ya safari za ratiba, sheria yao inambebesha dispacha dhamana ya safari pamoja na kapteni. Asiporidhika mmoja, ndege haiondoki. Ikishapaa, unaifuatilia mpaka itue. Na tangu Novemba 2018, baada ya ile ndege ya Malaysia, MH370, kupotea mwaka 2014, kanuni za kimataifa zinataka ndege kubwa inayovuka bahari ijulikane ilipo angalau kila dakika 15. Kila mwaka pia tulitakiwa kukaa saa 5 chumba cha marubani. Nilizipenda saa zile kuliko zote.

Jumapili nikaenda Ukonga kwa mzee aliyenifundisha kazi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Ndege inakuja Dar, uwanja wa akiba, wa kukimbilia Dar ikifunga, utaweka wapi?"

Hata chai haijaja! Nikasema programu nyingi zingeleta Zanzibar: karibu, mafuta kidogo.

"Mwezi wa nne?"

Nikanyamaza, kwa sababu nilikumbuka. Masika, wingu la radi lililofunga Dar linaweza kuvuka mkondo likafunga na Unguja. Ukiwa na mafuta ya kufika Unguja tu, kilichobaki ni akiba ya mwisho, ambayo kwa jeti, kwa kanuni za kimataifa, ni mafuta ya kuruka dakika 30. Mzee alikuwa akiweka Kilimanjaro, akagombana na wakubwa juu ya gharama, na hakurudi nyuma hata siku moja.

Kwetu TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, nayo humpa leseni mtu wa kazi hii, lakini bado nasikia akiitwa "kijana wa makaratasi". Inaniuma. Makaratasi yenyewe yanakwisha. Kinachobaki ni uamuzi, na uamuzi unahitaji mtu anayeijua masika, tena aliyepewa nguvu ya kusema ndege hii isubiri. Vijana niliowaona kwenye vioo ni wepesi kunishinda. Wapewe nguvu hiyo, na wapelekwe kukaa na marubani.

Jumatatu naanza zamu. Nimeomba wiki ya kwanza nisikae ofisini, nitembee mpaka kwenye ngazi.