Elki Asiye na Ukuta Nyuma Yake

Wiki hii nimeanza kuivisha ngozi ya elki dume kwenye kiunzi chake, yaani umbo la povu gumu linaloshika nafasi ya mwili, na swali lililonishughulisha tangu nilipoipokea kazi hii bado liko mbele yangu: mnyama huyu anaishia wapi? Kichwa na shingo vinapotundikwa ukutani, ukuta wenyewe hutoa jibu, kwa kuwa ubao wa nyuma huukata mwili na mtazamaji hadai zaidi. Mteja wangu hakutaka hivyo. Anataka elki, kichwa hadi mabega, asimame juu ya kiweko katikati ya sebule, wageni waweze kumzunguka pande zote, na kwa hiyo sehemu ambayo kwa kawaida hufichwa inapaswa kutengenezwa kwa uangalifu uleule unaopewa macho na pua.

Elki ni mnyama wa jamii ya kulungu wa nchi za baridi, na hapa Colorado, jimbo lenye elki wengi kuliko jimbo lolote la Marekani, dume mzima huzidi kilo 300. Pembe zake si kama za nyati au pofu, ambazo hubaki kichwani maisha yote. Ni mfupa wenye matawi, ambao hudondoka majira ya baridi yanapokwisha, kisha huota upya ukiwa umefunikwa ngozi laini, mpaka mwezi wa Agosti dume anapoikwangua kwenye miti. Dume huyu ana matawi sita kila upande.

Aliwindwa Septemba, msimu wa kupandana, na mwezi huo ndio unaotawala kila uamuzi wangu. Wakati huo shingo ya dume huvimba, manyoya yake ya shingoni huwa marefu na meusi kuliko ya mwili, na tezi iliyo mbele ya jicho hufunguka anapotoa ule mlio wake unaoanza kwa sauti nzito ukapanda hadi kuwa kama filimbi. Nimekwenda mara nyingi katika Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain kuwatazama madume wakiwa hai, kwa sababu picha haionyeshi jinsi ngozi ya shingo inavyosogea mnyama anapogeuka. Wenzangu wengi humtengeneza elki akiwa amefumbua kinywa katikati ya mlio. Mimi nimeamua anyamaze, ageuke kushoto, masikio yote mawili yaelekee upande mmoja kana kwamba amesikia dume mwingine bondeni. Naamini umakini wa mnyama anayesikiliza hudumu machoni mwa mtu kwa muda mrefu zaidi kuliko kelele iliyogandishwa.

Viunzi vya povu gumu vinavyouzwa tayari vina shingo ya wastani. Nilikikata hiki changu kwa msumeno, nikachomeka vipande vya pembetatu ili kigeuke, nikamimina povu jipya kujazia nafasi, kisha nikalichonga kwa tupa. Shingo inapogeuka kushoto, ngozi ya upande huo hujikunja, na upande wa kulia msuli unaotoka nyuma ya sikio kwenda mbele ya bega hutokeza waziwazi. Anayeongeza unene bila kuufuata msuli huo hupata gogo, hapati shingo. Carl Akeley, Mmarekani aliyewatengeneza wanyama wa majumba ya makumbusho na kufariki mwaka 1926 kwenye miteremko ya mlima Mikeno nchini Kongo, alikuwa akifinyanga misuli yote kwa udongo juu ya mifupa ya mnyama kabla ya kutengeneza kiunzi, na kila nikishika tupa nahisi deni letu kwake.

Hata hivyo ngozi ndiyo yenye neno la mwisho. Nilipima mzingo wa shingo nyuma ya masikio na urefu kutoka kona ya jicho hadi ncha ya pua kabla ngozi haijadabaghiwa, kwa kuwa kiunzi kikiizidi ngozi, mshono hufumuka na kope hujivuta. Simba wawili wala watu wa Tsavo, waliouawa mwaka 1898, walikuwa mazulia kwa miaka mingi kabla ya ngozi zao kununuliwa na jumba la makumbusho la Field la Chicago katika miaka ya 1920. Ngozi hizo zilikuwa zimekwisha kupunguzwa kingo, na ndiyo sababu simba wanaoonekana pale leo ni wadogo kuliko walivyokuwa hai. Kilichokatwa hakirudi. Nashukuru kwamba mwindaji huyu alikata nyuma kabisa ya mabega, akaniachia ngozi ya kutosha.

Kuhusu uzito sitasema mengi: bomba la chuma limepita ndani ya kiunzi na kuchomelewa kwenye sahani iliyofungwa kwa bolti chini ya plaiwudi nene, na kiweko nimekipanua zaidi upande wa kushoto, ambako kichwa na pembe vinaelemea, ili mtoto akivuta ncha ya pembe kisipinduke.

Basi anaishia wapi? Wengine hufunika mgongo wa kazi kwa ngozi ya ng'ombe yenye misumari ya shaba, na kwangu hilo humgeuza mnyama kuwa kiti. Nimechagua shina kavu la mti wa aspeni, lenye makovu meusi ambapo elki waliguguna gome wakati wa baridi. Nililipata kwa mwenye shamba, wala si hifadhini, ambako hairuhusiwi kuokota hata pembe iliyodondoka. Kiunzi nimekichonga nyuma ya bega kifuate mviringo wa shina, na kingo za ngozi zinaingia katika ufa kati ya povu na gome, hivyo anayezunguka anamwona elki akitoka nyuma ya mti. Majani machache chini ni ya manjano, kama yalivyo mwishoni mwa Septemba.

Kwa sasa masikio yamebanwa kwa kadibodi na pini, na kope nazikagua kila asubuhi, kwa kuwa ngozi husinyaa inapokauka na kuyaacha macho ya kioo yakiwa yametumbua. Itakapokauka kabisa nitaziba nyufa ndogo kwa epoksi, nirudishe rangi kuzunguka macho na puani, kisha nimwite mteja aje amzunguke kabla sijafunga bolti za mwisho.