Kipima mionzi na jiwe la njano

Leo hapa Lubumbashi kaka mmoja wa jiolojia alituonyesha kipima mionzi. Kwenye malakiti, lile jiwe la shaba la kijani, milio michache tu. Kwenye jiwe la njano lenye urani, kutoka mgodi wa Shinkolobwe: krrrr! Watu wakarudi nyuma, hata yule papa aliyekuwa anatucheka. Umbali ukiongezeka kidogo, kelele inashuka haraka.

Nikauliza, na nyutroni, zile chembe za kiini cha atomi, je? Kumbe kifaa kile karibu hakizioni, maana hazina chaji ya umeme. Inabidi uweke gesi ya heli-3 au elementi ya boroni: ikimeza nyutroni, inatoa chembe zenye chaji, na hizo ndizo zinahesabiwa. Ujanja huo umenifurahisha kuliko ule mlio!

Na kinu cha kwanza cha utafiti wa nyuklia Afrika kiliwashwa kwetu, Kinshasa, 1959. Mlijua?