Bei za vijeshi vya mezani zimezidi jamani

Wapenzi wa Warhammer 40,000, ule mchezo wa vita wa mezani unaochezwa kwa vijiaskari vya plastiki, hivi mnamudu vipi? Mi nipo Leicester hapa Uingereza, huu mchezo naupenda kweli ila bei sasa zinaumiza. Boksi moja la askari wa plastiki, tena hawajaunganishwa wala kupakwa rangi, linakula hela ya chakula cha siku kadhaa, bado gundi, brashi, rangi na kitabu cha sheria. Halafu askari wanahesabiwa kwa pointi, na jeshi la kawaida ni jumla ya pointi 2000, na kinachoniuma zaidi ni hiki, sheria mpya zilitoka 2017, zikaja 2020, zikaja tena 2023, na pointi za askari zikishushwa tu jeshi lako lililokuwa limetimia linapungua, inabidi uongeze maboksi ndo urudi palepale. Siku hizi nachukua mitumba. Juzi nimekaa nasugua rangi nzito ya mwenye nao wa kwanza kwa mswaki, taratibu, mpaka meno na makovu usoni mwa askari yakaonekana, raha niliyoisikia we acha tu. Anayeanza namshauri Kill Team, mchezo mdogo wa ulimwengu huohuo, kikosi kidogo kinatosha mechi nzima. Mwenye Ork (wale majitu ya kijani) wa mtumba anicheki inboksi, hata waliovunjika mikono nachukua.