Siku moja ya fundi mtandao Tanga: taa ya kijani isikudanganye

Saa 12:30 asubuhi natoka Ngamiani na baiskeli, begi mgongoni. Majirani wanajua "natengeneza kompyuta." Basi, sibishani.

Saa 2 mpaka saa 4: nywila zilizosahaulika, printa, kebo iliyotafunwa na panya.

Saa 4:20 simu inaita. Ofisi moja Raskazone, majengo mawili yaliyounganishwa kwa faiba (kebo inayopitisha data kwa mwanga), njia kuu na ya akiba. Mtandao umekufa kote. Bosi yuko mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Taa zote kijani, mtandao hakuna! Hizi swichi mmetuuzia mbovu."

Swichi ndiyo mashine inayounganisha kompyuta za ofisi. Sikuuza mimi, lakini nameza.

Faiba hii ina nyuzi mbili, wa kutuma na wa kupokea. Ukifa mmoja, ni kama simu ambayo wewe unamsikia mwenzio ila yeye hakusikii. Na hapa swichi haziigusi faiba. Katikati kuna visanduku vya kugeuza mwanga kuwa umeme. Swichi inakiona kisanduku cha pembeni yake, inawasha kijani, ya ng'ambo haiyajui.

Kilichotokea ni hiki: swichi ya jengo la pili iliacha kusikia ujumbe wa mwenzake kwenye njia ya akiba, ikadhani hakuna mtu huko, ikaifungua poti (tundu la kebo) iliyokuwa imezuiwa kusudi ili data zisizunguke. Data zikaanza kuzunguka majengo mawili bila kikomo mpaka swichi zikalemewa.

Nachomoa njia ya akiba, mtandao unarudi. "Haya, asante fundi." Ananiaga! Siondoki ng'o.

Kipimo cha mwanga kinasema uzi mmoja mzima, wa pili karibu giza. Jengo la kwanza, la pili, ngazi, jua, tena la kwanza. Chakula cha mchana kimenipita, saa sitazami tena. Mwisho nakuta ncha ya kiunganishi ina utando wa uchafu. Spiriti, kitambaa, napima: mwanga umerudi.

Ndipo nawasha UDLD, kinga iliyomo kwenye swichi za kampuni ya Cisco, pande zote mbili. Kila sekunde 15 swichi inajitaja, na inawataja majirani inaowasikia. Ikimsikia jirani ambaye haitaji yenyewe, inajua njia ni ya upande mmoja, inafunga poti. Aliyefunga mtandao huu hakuiwasha. Amri fupi tu, jamani!

Bosi anaisoma ankara mara mbili.

"Elfu themanini kwa kufuta na kitambaa?"

"Kufuta ni bure, mzee. Unalipia kujua pa kufuta."

Kacheka, kalipa nusu. Nyingine nipitie Jumatatu.