Almasi Mbili Juu ya Karatasi Nyeupe

Sonara aliziweka almasi mbili juu ya karatasi nyeupe, akarudi nyuma kidogo na kuniambia nichague. Ya kushoto ilikuwa na uzito wa karati 1.00, na ya kulia karati 0.90. Kabla hata sijaziinamia nilikuwa nimekwisha kuamua moyoni kwamba ya kushoto ndiyo bora, na sababu yangu ilikuwa moja tu, kwamba namba yake ilikuwa kubwa. Nilipoziangalia vizuri nilishangaa. Ile nyepesi ilimetameta kila nilipogeuza kichwa, ilhali katikati ya ile nzito palikuwa na kivuli cheusi kama mboni ya jicho, na cha ajabu zaidi ni kwamba ilionekana ndogo kuliko mwenzake. Sonara akachukua kipimo chake: kipenyo cha ile nyepesi kilikuwa milimita 6.2, na cha ile nzito milimita 6.1.

Jambo hilo si kiini macho. Karati ni kipimo cha uzito, sawa na miligramu 200, wala haisemi lolote kuhusu upana wa jiwe tunaloliona kidoleni. Almasi ya mviringo yenye karati moja, ikiwa imekatwa sawasawa, huwa na kipenyo cha takribani milimita 6.5, lakini ile nzito niliyowekewa mbele yangu uzito wake ulikuwa umejificha tumboni, chini ya kiuno chake, yaani ule ukingo unaolizunguka jiwe mahali lilipo pana zaidi, mahali ambapo pete huufunika na jicho halifiki. Mkataji hafanyi hivyo kwa bahati mbaya. Bei ya almasi hupanda kwa kuruka inapofika kwenye namba kamili, kwa hiyo anayelichonga jiwe ghafi hushawishika kuliacha na tumbo nene ili lisishuke chini ya karati moja, hata kama kwa kufanya hivyo analiua nuru yake.

Ndiyo maana, katika mambo manne yanayopimwa kwenye almasi, yaani mkato, rangi, usafi na uzito, mimi naanza na mkato na sioni aibu kuyapunguza mengine kwa ajili yake. Mwanga unapoingia ndani ya almasi hupinda sana, kwa kuwa kipeo chake cha mpindo, yaani kipimo cha jinsi kitu kinavyoupinda mwanga, ni 2.42, na ukigonga ukuta wa ndani kwa mshazari wa kutosha hautoki bali hurudishwa wote. Pembe za chini zikiwa sahihi, mwanga ulioingia kwa juu hugonga upande mmoja, ukavuka hadi upande wa pili, kisha ukarudi juu kwenye jicho la mtazamaji. Jiwe likiwa na kina kupita kiasi au likiwa bapa mno, mwanga huo huponyoka kwa pembeni au kwa chini, na anayeangalia hubaki akitazama kioo kilichopoa. Mhandisi Marcel Tolkowsky, wa ukoo wa wakataji almasi, alizipigia hesabu pembe hizo mwaka 1919, akapata nyuzi 40.75 kwa sehemu ya chini na nyuzi 34.5 kwa sehemu ya juu, na ingawa wakataji wa leo hawazifuati kama sheria, hawaendi mbali nazo.

Kwa almasi ya mviringo, cheti cha GIA, ile taasisi ya vito ya Marekani, hutaja daraja la mkato, na daraja la juu kabisa ndilo ninalolitafuta. Kwa maumbo mengine itakubidi utegemee zaidi macho yako mwenyewe. Jiwe lenye umbo la yai, kwa mfano, mara nyingi huwa na kivuli kinachokatiza katikati yake mithili ya tai ya shingoni yenye umbo la kipepeo, na hakuna maandishi yatakayokuambia kama kivuli hicho kitakukera au la. Tena usiliangalie chini ya taa kali za dukani pekee, maana chini ya taa zile hata kipande cha chupa hung'aa. Omba ruhusa ulisogeze dirishani, pasipopigwa na jua moja kwa moja, kisha uliingize chini ya meza kwenye giza kidogo. Jiwe lililokatwa vizuri bado litakuwa na uhai kule chini.

Rangi haitanichukua muda mrefu. Hupimwa kwa herufi kuanzia D, isiyo na rangi kabisa, hadi Z yenye umanjano wa wazi, na umanjano huo kwa kawaida husababishwa na nitrojeni iliyomo ndani ya almasi. Wapimaji huligeuza jiwe kichwa chini na kulilinganisha na mawe ya mfano, jambo ambalo hakuna shemeji wala wifi atakayelifanya kwenye kidole chako. Jiwe la herufi G au H, likishatiwa kwenye pete, huonekana jeupe kwa watu wengi, na kwenye dhahabu ya njano unaweza kushuka zaidi bila mtu kutambua.

Usafi hupimwa kwa lenzi inayokuza mara 10, na madaraja yake ni 11. Hapa ndipo wanunuzi wengi, kwa maoni yangu, hulipia kitu ambacho hawatakiona maisha yao yote. Kinachonihusu mimi si idadi ya dosari bali mahali zilipo: kidoa cheusi chini ya uso mpana wa juu kinaonekana, ilhali kilichojificha pembeni kinaweza kufunikwa na kucha ya pete, kile kijino kinacholishika jiwe. Ufa unaofika ukingoni ni habari nyingine, kwa sababu almasi, pamoja na kuwa na ugumu wa 10, ambao ndio wa juu kabisa katika kipimo cha Mohs, hupasuka kwa urahisi ikigongwa kufuata mwelekeo fulani. Ugumu ni kutokuchubuka. Kutovunjika ni sifa nyingine kabisa.

Uliza pia kama jiwe limechimbwa au limetengenezwa maabara. La maabara ni almasi halisi, kaboni kama ile ya ardhini, na lenzi ya mkononi haiwezi kuyatofautisha. Lakini bei zake ni tofauti sana, kwa hiyo jibu linapaswa kuandikwa kwenye risiti. Moisanaiti, jiwe linalofanana nayo kwa macho, si almasi. Ukiitazama kwa lenzi kwa mshazari utaona mistari ya nyuso za upande wa pili imejirudia miwilimiwili, dalili ambayo almasi haina. Mawe mengi yenye cheti huandikwa namba yake kwa leza kwenye kiuno. Isome mwenyewe kwa lenzi ya sonara kabla ya kulipa.

Nilichukua ile ya karati 0.90, nikaitengenezea pete ya dhahabu ya karati 18 (kwa dhahabu karati hupima usafi, si uzito), yenye muhuri wa 750 ndani, na makucha sita badala ya manne. Baada ya wiki kadhaa ilififia, nami nikaanza kumshuku sonara bure. Kumbe almasi hupenda mafuta. Machimboni waliwahi kuitenganisha na kokoto kwa kuipitisha juu ya meza zilizopakwa grisi, ikanasa yenyewe. Niliiloweka katika maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo, nikaisugua kwa mswaki laini, hasa kwa chini ambako losheni ya mikono ilikuwa imejikusanya. Nilipokuwa nikiifuta, uzi wa sweta ukanasa kwenye kucha mojawapo, dalili kwamba ilikuwa imelegea. Asubuhi yake nilimrudishia sonara, akaibana kucha ile mbele ya macho yangu.