Anua! Anua!

Baiskeli niliikodi Chake Chake kwa shilingi 20,000 kwa siku, na mpaka leo roho inaniuma. Breki ya nyuma haikushika kabisa na mnyororo ulikuwa na kutu. Mwenyewe aliniapia kwamba inakwenda Wete na kurudi bila wasiwasi. Kwa pesa ile bodaboda angenifikisha na chenji ikabaki.

Pemba ni vilima. Unateremka bondeni kwenye mpunga, unapanda kwenye mikarafuu, hujavuta pumzi unateremka tena. Barabara ya zamani ya Wete, kama kilomita 30 hivi, nusu yake niliisukuma baiskeli kwa mkono. Popo wa Kidike niliwaona, wananing'inia mitini mchana kweupe, na mmoja alipokunjua mabawa nilirudi nyuma hatua mbili. Siku mbili za mji wa Mkoani sina la kusimulia, ila mbu na chumba cha bei mbaya kisicho na feni.

Ilikuwa Oktoba, msimu wa karafuu. Kila uwanja umetandikwa majamvi: hapa karafuu mbichi, kijani na wekundu, pale za juzi zimekuwa kahawia. Harufu yake inakuingia mpaka kwenye mate.

Juu ya mlima mmoja, mnyororo ukakatika. Nyumba ya karibu alikuwepo bibi mmoja barazani na wajukuu zake wawili, wanachambua karafuu, makonyo, vile vijiti vyake, kando.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa kitako. Weye wa bara?"

Nikamwambia ndiyo, wa Kibosho, Kilimanjaro. Akamtuma mvulana mbio kumwita fundi, na mimi nikasogezewa kapu nichambue. Unakishika kichala kwa mkono mmoja, unakisugua kwenye kiganja cha pili, karafuu zinaachia. Wajukuu walikuwa wamemaliza makapu mawili, mimi sijafika nusu ya langu.

Kisha upepo ukageuka. Bibi alinyanyua uso, hakutazama hata mawingu.

"Anua! Anua!"

Neno lile silisikii kwa masikio, nalisikia kwa miguu. Nimekua nalo. Nilikuwa nimeshashika pembe ya jamvi kabla sijafikiri. Unakunja pembe nne kuelekea kati, karafuu inajikusanya, mnabeba wawili mpaka barazani, mnarudi mbio. Jirani alitoka kwake na mtoto mgongoni akashika upande wa pili. Kijana mmoja aliyekuwa akipita na ng'ombe alimfunga kwenye mnazi akaingia kazini bila salamu. Majamvi saba. La mwisho lilifika barazani na matone makubwa mgongoni mwetu.

Pembe moja ililowa. Bibi alizitenga zile zilizolowa peke yake, konzi kwa konzi, zisichanganyike na kavu. Karafuu inataka jua la siku kadhaa mfululizo. Ikilala na unyevu inapauka, na kwenye mizani bei yake inashuka. Mikarafuu ile, alinieleza, ilikuja na eka tatu walizogawiwa wazee baada ya Mapinduzi ya 1964. Wachumaji analipa kwa kipimo cha pishi. Mwanawe mkubwa aliwahi kuanguka kutoka juu, na mguu wake haujanyooka mpaka leo.

Tulikula muhogo wa nazi na ng'onda, samaki wa kukaushwa, mvua ikipiga bati. Nilitoa pesa, akaukunja mkono wangu kwa nguvu.

"Na nyie kwenu mwaanika nini?"

Nikanyamaza kidogo. Kwetu tulianika kahawa. Kila kihamba, shamba la nyumbani, kilikuwa na vichanja, na wingu likiteremka kutoka mlimani mama alikuwa anapiga ukelele uleule, nasi tunatupa daftari tunakimbia. Ada yangu ya shule ilitoka pale. Bei ilipoanguka baba aling'oa mibuni mstari kwa mstari, akapanda nyanya. Kijijini kwetu leo mvua ikija, kila mtu anafunga dirisha lake.

"Hatuaniki tena, Bibi."

"Poleni," akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa pole msibani.

Fundi aliunga mnyororo kwa shilingi 2,000. Niliingia Wete gizani, nimelowa, nguo zote zinanuka karafuu. Nikampigia mama simu, nikamsimulia kila kitu, majamvi, upepo, na jirani mwenye mtoto mgongoni. Alisikiliza mpaka mwisho. Sikuwa nimemsikia akinyamaza hivyo kwa muda mrefu.

"Waliwahi kuanua?" akauliza.

"Tuliwahi, Mama. Ni pembe moja tu iliyolowa."

"Walizitenga zilizolowa?"

"Walizitenga."

"Haya," akasema. "Vizuri."